Duka Lisilo na Maegesho

Tangazo lilibandikwa mlangoni Jumatatu, na kufikia katikati ya wiki kila mtu wa Kilima cha Varga alikuwa amelisoma, hata wale ambao maisha yao yote hawajasoma kitu zaidi ya bei ya petroli. Lilikuwa karatasi la rangi ya chungwa, limefunikwa nailoni lisilowe, na lilisema kwa maneno ya kiofisi kwamba mwenye nyumba ya kona, Bernadine Hrabek, anaomba aruhusiwe kufungua duka la vyakula ghorofa ya chini bila kuweka nafasi za magari zinazotakiwa na sheria. Asiyekubali aje aseme mbele ya bodi ya mji inayotoa vibali vya ujenzi. Anayekubali naye aje.

Bernadine hakulipenda lile karatasi. Lilimwonyesha kwa watu kama mwombaji, naye kuomba hakukuzoea. Alichozoea ni kununua.

Alizaliwa mtaa huohuo wa Osterman, juu kabisa, mahali ambapo barabara ya magari inachoka na kuwa ngazi. Baba yake alikuwa mtu wa tanuru la chuma, enzi hizo Pittsburgh ikiwa bado inafua chuma na moshi wake unafika kwenye nguo zilizoanikwa. Tanuru lilipozimwa baba alikaa jikoni akitazama ukuta, na binti akaenda kusafisha ofisi za watu mjini. Kwa pesa ya kupiga deki alinunua nyumba ya kwanza kwenye mnada wa nyumba zilizodaiwa kodi. Ilikuwa imeporomoka paa mpaka sebuleni. Wanaume waliokuwa mnadani walicheka, mmoja akamwuliza kama anajua kwamba nyumba huwa na paa. Aliwaacha wacheke kwa sababu anayecheka hapandishi bei. Akaiezeka, akaipangisha, akanunua nyingine. Mumewe Ray alisema yeye alioa mke, hakuoa kampuni, akahamia Florida. Bernadine alimfungia mkate na nyama vya njiani, akabadili kitasa.

Nyumba ya kona ndiyo aliyoipata mwisho, na ndiyo pekee iliyokuwa haimlipi vizuri. Ilijengwa iwe bucha. Kulabu za nyama zilikuwa bado zinaning'inia darini, na madirisha yake ya chini yalikuwa makubwa hivi kwamba hakuna mpangaji aliyetaka kulala nyuma yake. Utotoni mwa Bernadine kilima kilikuwa na bucha hilo, mwokaji mikate, duka la dawa, na baa mbili, moja ya walioelewana na padri na nyingine ya waliokosana naye. Mtoto alitumwa siki, akarudi maji ya sufuria hayajachemka. Kisha watu wakapata magari. Bondeni ikafunguliwa supamaketi yenye uwanja wa kuegesha ambao ungemeza mtaa mzima, na sheria ikaja ikisema kila duka jipya liwe na maegesho yake kulingana na ukubwa wa sakafu, na duka likifungwa zaidi ya mwaka lihesabiwe kuwa jipya. Mwenye bucha alikufa, wanawe wakagombania urithi majira mawili ya baridi, na walipopatana wakakuta kisheria si bucha tena. Ni nyumba ya kuishi yenye madirisha ya ajabu.

Sasa juu ya kilima, mahali nyumba zimebanana bega kwa bega, nafasi ya magari matano unaitoa wapi? Unaitoa kwenye nyumba ya jirani. Wapo waliofanya hivyo, wakabomoa na kumwaga lami, ndiyo maana Mtaa wa Osterman ukiutazama kutoka bondeni unafanana na kinywa cha bondia mstaafu. Bernadine naye alishauriwa hivyo. Mtaalamu mmoja aliyemlipa kwa saa alimwambia njia rahisi ni kubomoa nyumba iliyo ubavuni mwa ile ya kona, kwani nayo ni yake. Ndani yake alipanga muuguzi na wanawe wawili. Bernadine aliipiga hesabu njiani akirudi nyumbani, na haikuchukua muda. Ili mtu aje na gari kununua kitunguu, ubomoe nyumba ya mtu ambaye angekuja kwa miguu kununua kitunguu hichohicho. Biashara gani hiyo? Akajaza maombi ya kusamehewa maegesho.

Wala asifikiriwe kwamba alikuwa na huruma ya pekee. Alikuwa na magoti mabovu. Kila Jumamosi aliendesha gari kushuka bondeni, akapanga foleni, akapanda na mifuko, na kwa kuwa alikuwa mmoja wa wachache juu kule ambao gari lao liliwaka bila kubembelezwa, wazee wa mtaa walikuwa wanamwagiza. Bernie, niletee maziwa. Bernie, niletee viazi, vile vyekundu, si vile vya juzi. Basi la Jumapili lilikwisha kuondolewa, na ngazi za kwenda bondeni zilikuwa za kushukia tu kwa mtu aliyepita umri fulani. Akaona kwamba amekwisha kuwa duka, ila duka lisilo na faida. Kama ni kuwa duka, bora awe linalolipwa.

Majirani walimwahidi kuja kumtetea mbele ya bodi. Mambo yalikuwa yanakwenda sawa mpaka aliposogeza kiti.

Kwenye vilima vile kuna desturi ya kiti, na mtu akitaka kuishi salama huijua kabla hajajua namba ya polisi. Theluji ikianguka, ukachukua chepe ukachimba nafasi ya gari lako mbele ya nyumba, nafasi ile ni yako mpaka theluji iyeyuke. Ukiondoka unaweka kiti, na kiti hakiguswi. Sheria ya mji haikitambui, na askari hakisogezi. Gari la mgeni asiyejua, likiwekwa pale, huamka limemwagiwa maji yaliyoganda kuwa barafu kutoka kwenye paa hadi magurudumu, na mtaa mzima huwa umelala fofofo, hakuna aliyeona kitu. Lakini theluji ikiisha, kiti kinarudi jikoni. Hiyo nayo ni desturi.

Emil Sabol, dereva wa malori mstaafu aliyekaa mkabala na nyumba ya kona, kiti chake hakikurudi jikoni. Kilikuwa na miguu ya chuma na kikalio cha plastiki ya manjano iliyopasuka, na kilikaa barabarani masika, kiangazi na vuli. Kilianza kukaa hivyo Rosalie, mke wake, alipokuwa akipelekwa kusafishwa damu hospitali mara kadhaa kwa wiki, na watu wakasema ni haki yake. Rosalie alipofariki hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia mzee aondoe kiti. Mwaka ukapita, na mwingine.

Siku ile ya Machi hakukuwa na theluji hata ya kuwekea kidonda. Lori likapanda na jokofu la vioo ambalo Bernadine alilinunua kwenye duka lililofilisika, baada ya kulitembelea mara nne akijifanya halitaki. Dereva alitafuta pa kusimama akakosa. Akasema ana safari nyingine, ama ashushe sasa ama ageuze. Bernadine akaangalia huku na huku, akavuka barabara, akakiinua kile kiti cha manjano na kukiweka kando ya ukuta. Lori likaingia. Kwa desturi alikuwa sahihi na kwa sheria alikuwa sahihi. Jokofu likashuka bila kuvunjika kioo.

Emil alirudi kutoka kwa daktari wa nyonga, akakuta lori mahali pake. Hakupiga honi. Alipita taratibu, akaenda kuegesha mitaa miwili chini, akapanda ngazi kwa fimbo akipumzika kila baada ya hatua chache, na akapita mbele ya Bernadine bila kumtazama. Bernadine alimsalimu. Ilikuwa kama kusalimu mlango.

Ijumaa ya Kwaresima ukumbi wa kanisa hukaanga samaki, na kilima chote hujipanga na sahani, wanaosali na wasiosali. Bernadine alikuwa anagawa tambi za kabichi kama kila mwaka. Aliona mapema kwamba mambo yameharibika. Watu waliochukua samaki kwa Arlene Kuzma, rafiki yake tangu shule, walifika kwenye tambi wakakumbuka ghafla kwamba daktari amewakataza. Mzee mmoja aliyemwahidi kusema mbele ya bodi sasa alikuwa na miadi ya meno siku hiyohiyo, na meno yote yalikuwa ya bandia.

Foleni ilipopungua Arlene alijifuta mikono akasogea.

"Shoga, ulisogeza kiti."

"Hakukuwa na theluji."

"Najua hakukuwa na theluji. Na Mungu anajua. Umesogeza kiti."

"Kwa hiyo nimsubirie Emil mpaka afe ndipo lori liegeshe?"

"Usiniulize mimi. Mimi nakaanga samaki." Arlene alitazama nyuma, akapunguza sauti. "Anapita nyumba kwa nyumba, na fimbo yake. Anasema kama friji moja tu limemfanya Bernie asahau watu, likifunguliwa duka itakuwaje. Kila mwenye njaa ya soseji atakuja na gari lake, na sisi tutaegesha mtoni. Na watu wanamsikiliza, kwa sababu wanamwona anavyopanda zile ngazi."

Bernadine aliondoa sufuria ya tambi iliyobaki karibu yote. Miguu ilimuuma, na alijiuliza, si kwa mara ya kwanza, kwa nini mwanamke wa miaka sitini na miwili asikae nyumbani akatazama televisheni kama wenzake. Lakini tangazo lilikwisha kubandikwa. Bodi ikimkatalia, nyumba ya kona ingebaki kulabu na madirisha, na yeye angebaki mchukuzi wa viazi vya watu mpaka magoti yamalizike kabisa.

Kesho yake akavuka barabara. Hakubeba keki wala chupa, kwa sababu anayekwenda kupatana na zawadi mkononi amekwisha kupunguza bei kabla haijatajwa. Emil alifungua mlango, akamtazama kuanzia viatu.

"Binti Hrabek," alisema. Alisoma darasa moja na kaka yake mkubwa, na kwake Bernadine hakuwahi kuvuka miaka kumi. "Umekuja kulichukua kochi? Hapo pana nafasi ya friji jingine."

"Nimekuja kuongea, kaka Emil."

"Juzi ungeongea. Juzi ulikuwa na mikono tu."

Alimwacha aingie hata hivyo. Walikaa jikoni. Kwenye jiko palikuwa na kikopo cha supu kimefunguliwa, na Bernadine, aliyezoea kukagua jikoni za wapangaji, aliona kwamba kabatini hakukuwa na kingine isipokuwa vikopo vya aina hiyohiyo. Mtu anayenunua mara moja kwa mwezi, basi. Akaweka jambo hilo akilini.

Alimweleza kwamba kiti hakina haki bila theluji, na Emil akakubali. Alimweleza kwamba lori lilikaa muda mfupi tu, na Emil akakubali. Alimweleza kwamba wateja wa duka watakuwa wa kilimani humuhumu, watakuja kwa miguu, na Emil akasema huenda. Hapo Bernadine alichoka. Mtu anayepinga unaweza kumshinda, lakini anayekubali kila kitu na hasogei utamfanya nini? Akafanya alichokuwa akifanya siku zote mnadani. Aliacha kusikiliza mtu anasema nini, akatazama analinda nini.

Emil alikuwa amekaa mahali ambapo angeweza kuona barabara. Kila gari lililopita alilisindikiza kwa macho mpaka likapita nafasi yake.

"Daktari alisema nini?" Bernadine aliuliza.

Mzee alikoroga supu. Akasema nyonga ya pili nayo imekwisha. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vipuri, kwamba akiegesha mbele ya mlango anaweza kutoka, na akiegesha chini hawezi. Siku asipoweza kutoka, binti yake atakuja kutoka Ohio na sanduku, ampeleke akakae kwao, kwenye mtaa ambao nyumba zote zinafanana na hakuna hata njia ya waendao kwa miguu, ni nyasi na magari tu. Alikwenda kule Krismasi. Alitembea mpaka kwenye sanduku la barua akarudi, na jirani akaja kuuliza kama amepotea.

"Kile si kiti cha Rosalie," alisema. "Watu wanafikiri namlilia Rosalie. Namlilia, lakini si kwa kiti. Kile ni mguu wangu, Bernie. Umeuinua ukauegemeza ukutani."

Bernadine hakujibu kwa upole. Upole angeupeleka wapi? Alikuwa anapiga hesabu. Chini ya nyumba yake mwenyewe, hatua chache kutoka mlango wa Emil na bila ngazi hata moja, palikuwa na banda la gari, na ndani ya banda palikuwa na gari lake. Alilitazama wazo hilo akalichukia. Gari lile ndilo lililomfikisha kwenye nyumba zake zote za kupangisha, ndilo lililompeleka mnadani, na usiku mmoja wa zamani ndilo lililomfuata Ray mpaka mpakani mwa kaunti kisha likageuza lenyewe. Kulihamishia barabarani ilikuwa haina maana, kwani lingechukua nafasi ileile ambayo watu wanagombania. Kama ni kutoa banda, basi ni kutoa na gari.

Akatafuta kitu cha bei nafuu zaidi. Hakukipata.

"Nikipata kibali," alisema, "nauza gari. Bandani kwangu utaliingiza la kwako mpaka siku utakapoacha kuendesha."

Emil aliweka kijiko chini. Kisha, na hapo ndipo Bernadine alipojua kwamba amemkamata, alianza kunung'unika.

"Lina unyevu lile banda."

"Lina unyevu. Barabarani kuna jua la bure?"

"Na mlango wake unakwama."

"Nitautia mafuta."

"Na wewe utapata nini? Kina Hrabek hawatoi kitu. Baba yako alikuwa anahesabu njiti za kiberiti."

"Utanipeleka soko la jumla, kule mtoni, mara mbili kwa wiki. Alfajiri. Ulikuwa dereva wa lori, usiniambie huwezi kuamka."

Emil alisema anaweza mara moja. Bernadine akasema mboga hazijui mara moja. Emil akasema Jumanne hawezi, Jumanne ana mazoezi ya nyonga, iwe Jumatano na Jumamosi. Akasema petroli juu ya Bernadine. Akasema dukani kuwe na mkate mweusi wa kweli, si ule uliopakwa rangi, na kabichi chachu ya kwenye pipa. Bernadine alikubali mkate akakataa pipa. Wakabishana juu ya pipa kwa muda mrefu kuliko walivyobishana juu ya gari, na supu ikapoa, ikatengeneza ngozi juu. Mwisho pipa likawa ndoo.

"Na mbele ya bodi?" Bernadine aliuliza akiwa mlangoni.

"Sitapinga."

"Kutopinga hakunitoshi. Watu wa mtaa wanakutazama wewe."

"Basi nitasema. Lakini sitakusifu."

"Nani amekuomba unisifu?"

Siku ya bodi ilifika Aprili. Walishuka mjini kwa gari la Emil, na Arlene akakaa nyuma na mkoba wake mapajani. Chumba kilikuwa cha mbao za kahawia na viti vigumu, na waliotangulia walikuwa wengi: mtu anayetaka kuongeza kibaraza, kinyozi anayetaka kuhamia barabara ya pili. Karibu kila aliyesimama aliulizwa swali lilelile, kwamba magari yatakaa wapi. Bernadine alikaa akisikiliza jinsi mji mzima unavyopimwa kwa magari, kana kwamba ndiyo yaliyozaliwa hapo na watu wamekuja kutembea tu. Mgongo ulimuuma. Aliwaza kwamba maisha yake yote ameshindana na watu wanaotaka kitu, na leo anashindana na nafasi tupu.

Alipoitwa alisema kwa kifupi. Hana nafasi tano, hana hata moja. Wateja wake wanaishi juu ya kilima, na mtu wa bondeni mwenye supamaketi mlangoni hatapanda mlima kununua maziwa ya Hrabek. Mwenyekiti wa bodi, mama mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, aliuliza kama majirani wana neno. Emil akasimama. Ilimchukua muda kusimama, na chumba kizima kikamsubiri.

"Naitwa Emil Sabol. Naishi mkabala na huyu. Nilikuwa nije kupinga. Sasa sipingi, kwa sababu ameniahidi banda lake la gari."

Bernadine alifumba macho. Arlene alisikika akimwita mama wa Yesu.

Mwenyekiti alivaa miwani. "Bwana Sabol, unatuambia kwamba umelipwa ili uzungumze?"

"Nakuambia nimelipwa maegesho, mama. Si ndiyo mnayouliza tangu asubuhi? Kinyozi wa watu mmemtesa hapa, magari yatakaa wapi, magari yatakaa wapi. Mimi ndiye gari lenyewe. Mtaa wetu hausumbuliwi na mtu anayenunua kitunguu. Unasumbuliwa na mimi na kiti changu, nimeshikilia barabara ya umma mwaka mzima kwa sababu siwezi kupanda ngazi. Huyu anauza gari lake, mimi naingia bandani. Hapo barabarani yamepungua mawili."

Mjumbe mmoja kijana, mwishoni mwa meza, aliinua kalamu akasema kwamba gari la Bi Hrabek halikuwa barabarani, lilikuwa bandani, kwa hiyo linapungua moja.

Emil alifikiri. "Moja basi. Mimi nilikuwa dereva, hesabu alifanya karani."

Watu walicheka, hata kinyozi. Mwenyekiti hakucheka sana. Alimwuliza Emil kama dukani atakwenda kwa gari.

"Ni ng'ambo ya barabara, mama. Siku nikienda kwa gari mpigie simu binti yangu, atajua la kufanya." Kisha akaongeza, bila kuulizwa, akiwa anaanza ile kazi ndefu ya kukaa: "Sasa hivi nanunua chakula mara moja kwa mwezi. Kilichomo ndani ya kopo. Nikishuka kwa hiyo supamaketi, kutoka gari lilipo mpaka mlangoni ni mbali kuliko kutoka kwangu mpaka kanisani. Ni hayo tu. Sikumsifu."

Bodi haikuamua siku hiyo. Huwa haiamui siku hiyo. Walirudi kwa gari lilelile, wakavuka daraja. Hapo Bernadine alisema kwamba katika maisha yake ya biashara hajapata kuona mtu anayetangaza bei ya siri mbele ya hakimu. Emil akajibu kwamba yeye hakuambiwa kuwa ni siri. Arlene, kutoka nyuma, akasema anaomba washushwe kwanza yeye ndipo wapigane.

Uamuzi ulitoka Mei. Aliusoma kwenye simu, amesimama kwenye chumba cha mpangaji akisubiri bomba liache kuvuja. Amesamehewa maegesho. Lakini duka lifungwe jua likizama, mizigo ishushwe mchana tu na kwa gari dogo, na kama halitafunguliwa ndani ya mwaka ruhusa inakufa. Aliusoma tena kutafuta mtego, kama alivyofanya kwa kila karatasi. Mtego haukuwepo. Kilichokuwepo ni kazi: kulabu za kung'oa darini, sakafu ya kusawazisha, mkaguzi wa afya, mkaguzi wa umeme, kisha kusimama nyuma ya kaunta kuanzia asubuhi mpaka jioni, siku baada ya siku, akiwauzia watu wanaomjua tangu anavaa nepi na ambao kila mmoja angetaka apunguziwe. Ndicho alichopigania. Alikaa kwenye ukingo wa beseni la mpangaji, akajaribu kufurahi, na furaha ikaja kidogo, kama maji ya lile bomba.

Bernadine alipofika nyumbani, Emil alikuwa amekwisha kusikia. Hakumpongeza. Alimwuliza gari linaondoka lini, kwa sababu utabiri unasema mvua ya mawe.

Liliondoka Jumamosi. Mnunuzi alikuwa kijana wa bondeni aliyekuja na dada yake, akazunguka gari akipiga mateke magurudumu, akasema lina kutu. Bernadine alimwambia hata yeye ana kutu na bado anatembea. Walipatana baada ya kijana kuondoka mara mbili na kurudi mara mbili. Hakulitazama likishuka, alikuwa na banda la kufagia. Mafuta ya zamani yalikuwa yamefanya ramani nyeusi sakafuni, na mlango, ingawa ulitiwa mafuta kama alivyoahidi, ulikwama palepale ulipokwama siku zote. Emil aliingiza gari lake kwa kurudi nyuma, kwa ustadi wa mtu aliyeegesha malori miaka yote, akatoka, akakagua dari akitafuta unyevu, akaupata, akaonekana kuridhika.

Kisha akavuka kwenda kwake bila fimbo, kwa kuwa palikuwa tambarare.

Bernadine alipanda jikoni, akaweka maji ya kahawa. Akafungua friji. Maziwa yalikuwa yamekwisha, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kununua. Alisimama pale mlango wa friji ukiwa wazi, akimsikia muuguzi wa jirani akiwaita wanawe waje kula. Duka lisingefunguliwa kabla ya vuli. Kumwomba Emil leo, siku ya kwanza, ilikuwa kufungua upya mapatano ambayo ndoo yake tu iliwagharimu nusu saa, na basi lilikuwa limepita.

Akazima jiko. Akavaa viatu vya chini, akachukua mfuko wa kitambaa, akaenda mpaka mwisho wa Mtaa wa Osterman, mahali barabara inapokwisha na ngazi za bondeni zinapoanza, akashika chuma cha pembeni kwa mkono wa kulia, akaanza kushuka, goti baya likitangulia.